Zawadi, bahati nasibu, ujumbe wa simu au kipimo cha nyumbani: tuchague kipi kuwavuta watu wapime VVU Pemba?

Mifuko ilikuwa ya kitambaa, rangi ya machungwa. Ndani mna vipande viwili vya sabuni, nusu kilo ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Kila aliyepima VVU siku ile chini ya mwembe wa skuli alipewa mmoja. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa nzuri. Saa tano ikaanza kukatika, na adhuhuri tukabaki sisi na hema letu. Sikuelewa mpaka nilipomuona bibi mmoja wa makamo akitoka, akachutama nyuma ya choo cha skuli, akamimina kila kitu kwenye kikapu chake cha ukili, kisha akaukunja ule mfuko mara nne na kuusokomeza chini ya ukuta. Kule barabarani vijana wa barazani walikuwa wameshaanza kuhesabu mifuko ya machungwa. "Huyo naye kapimwa."

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, shehia moja ya Wilaya ya Wete. Kila mwaka kamati hukaa na fungu dogo la fedha na swali lile lile: tutoe nini ili watu waje? Nimeshajaribu njia kadhaa kwa mikono yangu, na nimefuatilia yaliyopatikana kwa wenzetu wa Malawi, Kenya, Zimbabwe na mbali zaidi. Nataka niziweke njia hizo ubavu kwa ubavu, ili kamati nyingine isinunue mifuko ya machungwa.

Tuanze na hali yetu. Tanzania nzima, maambukizi kwa watu wazima ni zaidi ya asilimia 4. Zanzibar ni chini ya asilimia 1, na yamejikusanya zaidi katika makundi machache kuliko kuenea kwa wote. Hilo lina maana mbili. Kwanza, mtu wa kawaida huku haoni sababu ya kupima, kwa kuwa hamjui mgonjwa hata mmoja, au anadhani hamjui. Pili, kwa sababu ugonjwa ni nadra, anayeonekana kuusogelea huulizwa na macho ya watu: kafanya nini huyu? Kupima kwenyewe ni bure, na kidole kuchomwa ni maumivu ya dakika. Watu wanachokimbia ni yale macho. Kila njia nitakayoitaja hapa naipima kwa swali moja: inampa mtu kifuniko, au inamvua nguo njiani?

Fedha na vitu mkononi

Jaribio linalotajwa sana ni la mchumi Rebecca Thornton, lililofanyika vijijini Malawi mwaka 2004 na kuchapishwa 2008. Watu walipimwa majumbani mwao, kisha wakatakiwa wafuate majibu kwenye mahema yaliyowekwa karibu na vijiji. Kila mmoja alichagua kwa bahati vocha yake, kuanzia isiyo na kitu hadi ya takriban dola 3. Wasiopata kitu, 34 tu kati ya 100 walikwenda kuchukua majibu. Kwa waliopata chochote, idadi ilikuwa kama maradufu, na hata vocha yenye thamani ya sehemu ya kumi ya ujira wa siku ilitosha kuwainua wengi. Umbali nao ulikuwa na uzito wake: aliyekaa zaidi ya kilomita moja na nusu alikuwa mzito zaidi kutoka.

Hapa kuna jambo linalosahaulika. Wale watu walikuwa wameshapimwa. Majibu ya wakati ule yalichukua miezi miwili hadi minne kurudi kutoka maabara, na kilichonunuliwa na vocha ni ile safari ya pili. Siku hizi majibu ni ndani ya nusu saa, unakaa palepale. Ugumu wetu upo kwenye mlango wa kwanza, kwa hiyo tusichukue takwimu za Malawi tukazipachika Pemba kama zilivyo.

Hata hivyo nimejifunza kitu kimoja kikubwa kwenye zile vocha. Kiasi kidogo vile hakiwezi kuwa kimemtajirisha mtu. Mimi nasoma kwamba kilimpa neno la kusema njiani: "Nafuata vocha yangu." Mwenye sababu nyingine ya kupita mlangoni hupita. Na vocha hukaa mfukoni, haibebwi begani ikapita mbele ya baraza.

Kwa hiyo kama kamati imeamua kutoa kitu, kiwe kidogo, kisichoonekana, na kiitwe kwa jina lenye heshima. "Nauli yako ya kurudi" inaingia sikioni tofauti na "malipo ya kupima". Kumtumia mtu shilingi elfu mbili kwenye simu akiwa ameshaondoka ni bora kuliko sukari ya elfu tatu mbele za watu. Angalieni pia msimu. Wakati wa karafuu, mchumaji anayelipwa kwa pishi haachi mkarafuu kwa vipande viwili vya sabuni, hata ukimuongeza cha tatu.

Ubaya wa fedha ninaujua kwa karibu. Wapo wanaopima mara tatu kwa mwaka kwa ajili ya zawadi, na hatari zao hazijabadilika. Wapo wanaotumia ARV, dawa za kupunguza makali ya VVU, ambao hurudi kupima upya ili wasikose, na daftari likahesabu "wapya". Na kubwa kuliko yote, zawadi ikiwa nono kwa mtu asiye na chakula cha usiku, hiari yake imebaki wapi? Nikiwa na shaka juu ya kiasi, hujiuliza kama mama huyu angeweza kusema "sitaki leo" na kuondoka bila kujuta. Kama hawezi, kiasi ni kikubwa mno.

Bahati nasibu

Wanaopenda bahati nasibu husema ni rahisi: badala ya kuwapa watu mia moja elfu tatu tatu, unampa mmoja baiskeli. Lakini ushahidi wenyewe unayumba. Zimbabwe walilinganisha familia zilizopewa dola 2 taslimu ili watoto wapimwe na zilizoingizwa kwenye bahati nasibu. Zote zilifanya vizuri kuliko wasiopewa kitu, na taslimu ikaongoza. Malawi, katika jaribio la Augustine Choko na wenzake lililochapishwa 2019, wanaume walitumiwa kifaa cha kujipimia kupitia wake zao wajawazito. Kilichohesabiwa ni wangapi walipima kisha wakafika kliniki. Kwa utaratibu wa kawaida walikuwa 13 kati ya 100. Kifaa pamoja na dola 3 za uhakika kiliwafikisha karibu 41, na dola 10 karibu 52. Kifaa pamoja na bahati nasibu? Hawakufika 19.

Huku kwetu kuna zaidi ya hesabu. Mimi si mwanachuoni, na najua wapo watakaosema kwamba asiyeweka pesa hachezi kamari. Lakini neno "bahati nasibu" likishatamkwa kwenye kipaza sauti, barazani halitofautishwi na maysiri iliyokatazwa katika Suratul Maida, na imamu uliyemuomba atangaze siku ya kupima baada ya Ijumaa atakurudishia karatasi yako kwa adabu. Utakuwa umempoteza msaidizi mkubwa kwa ajili ya baiskeli moja. Na huyo atakayeshinda ataitwa mbele za watu achukue baiskeli ya kupima VVU. Hii iondoeni kwenye orodha.

Kupima kuwa kawaida ya kituo

Hapa ndipo ningeweka nguvu nyingi, na haigharimu karibu kitu. Ni namna ya kusema tu.

Sikiliza wauguzi wawili. Wa kwanza: "Je, ungependa kupimwa na VVU?" Wa pili: "Leo tunakupima presha, wingi wa damu, kaswende na VVU. Kama kuna kimoja hukitaki, niambie, hakuna tatizo." Wa kwanza amemtwika mgonjwa kazi ya kujitangaza. Akijibu ndiyo, ni kama amekiri kitu. Wa pili amemuondolea mzigo huo, na mlango wa kukataa ameuacha wazi. San Francisco, kwenye chumba cha dharura cha hospitali, watafiti walibadilisha maneno tu, wagonjwa wakipangwa kwa bahati. Walioachiwa waombe wenyewe, 38 kati ya 100 walipima. Walioulizwa moja kwa moja ndiyo au hapana, 51. Walioambiwa watapimwa isipokuwa wakikataa, karibu 66. Matokeo hayo yalichapishwa 2016. Kati ya hao, hakuna aliyelipwa hata senti.

Kliniki za wajawazito zimekuwa zikifanya hivi kwa miaka, na ndiyo maana huku kwetu mwanamke aliyezaa karibuni anaijua hali yake huku mumewe haijui. Mwanamume haendi kliniki. Anakwenda akiwa amebebwa.

Mwaka uliofuata ile aibu ya mifuko, tuliibadilisha siku yetu. Bango liliandikwa "Presha na sukari, bure", kukawa na mlango mmoja, meza tatu ndani na pazia la kanga baina yake. Kila aliyeingia alipita meza zote, na kwenye ya tatu muuguzi alimwambia taratibu kwamba hapa ni VVU, na kwamba akitaka anaweza kukaa dakika zile zile bila kupimwa, atoke kama wengine. Hiyo dakika ya kukaa ni muhimu sana. Anayekataa akitoka mapema, nje wataelewa, na anayekubali akichelewa, wataelewa pia. Alikuja mzee mmoja mvuvi na ndoo yake, akasema kwa sauti tangu barabarani, "Nije nitazamwe sukari mie, miguu inanifa ganzi!" Meza ya tatu alikaa kimya, akanyoosha kidole kabla hajaombwa.

Sharti moja: ridhaa iwe ya kweli. Muuguzi aliyechoka huanza kusahau ile sentensi ya mwisho, "kama hukitaki, niambie." Ikisahaulika hiyo, tumeingia kwenye kulazimisha, na habari ya mtu aliyepimwa bila kujua itazunguka kisiwa kizima kabla ya Alasiri.

Ujumbe wa simu na kupanga siku

Kwa kumvuta mtu ambaye hajaamua, ujumbe ni dhaifu. Kwa aliyekwisha kukubali akasahau, unafaa. Marekani, wafanyakazi walioombwa waandike siku na saa watakayokwenda kuchanjwa mafua walikwenda zaidi ya wasioombwa, tofauti ya takriban 4 kati ya 100. Ni ndogo, lakini karatasi na kalamu hazina gharama. Mimi huuliza hivi: "Jumatano au Alkhamisi? Mtoto utamuacha na nani?" Akishataja jina la wa kumuachia mtoto, huja.

Simu za huku hushikwa na watu wengi. Neno VVU lisionekane kwenye ujumbe, wala jina la mradi. "Tunakusubiri Jumatano saa tatu" inatosha.

Kifaa cha kujipimia

Kwa kifuniko, hakuna kinachokishinda. Mtu anajipima chumbani kwake, komeo limefungwa. Kenya, eneo la Kisumu, wanawake waliopewa vifaa viwili, chao na cha mwenza, waliripoti kwamba wenza wao walipima kwa kiwango cha karibu 91 kati ya 100. Kwa waliopewa barua ya mwaliko tu walikuwa karibu 52. Haya yalichapishwa 2016, na sijaona barua ya wito iliyowahi kufanya hivyo Pemba.

Lakini kina mashaka yake, na kwetu ni mazito kuliko kwengine.

Kifaa cha mate kinatumiwa hivi: usile wala usinywe kitu muda mfupi kabla. Unapitisha kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja wa chini, unakisimamisha kwenye kichupa chake cha maji, unasubiri dakika 20, na husomi tena baada ya 40. Nilimkuta kijana aliyesoma kesho yake asubuhi akaona msitari wa pili, ule wa kuonyesha virusi, umechomoza, akakaa siku nne bila kulala. Alipopimwa kituoni hakuwa na kitu. Aliyepewa kifaa bila kuonyeshwa saa ya kusoma amepewa nusu ya kifaa.

Kisha hesabu. Tuseme watu 1,000, na kati yao 5 wana virusi. Kifaa kikikosea kwa mtu mmoja tu kati ya 100 wasio na virusi, kitawaonyesha misitari miwili watu kama 10 ambao hawana chochote. Yaani wenye misitari miwili ni kama 15, na wengi wao ni wazima. Panapokuwa na maambukizi mengi tatizo hili hupungua. Kwetu, ambako ni nadra, ndilo linalopaswa kusemwa kabla kifaa hakijatoka mkononi mwako: misitari miwili ni "njoo kituoni tuhakikishe", na si jibu. Shirika la Afya Duniani tangu 2019 linataka vipimo vitatu mfululizo vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana virusi. Anayetumia ARV asikitumie kabisa, kwani kinaweza kumdanganya kwamba hana. Na aliyejiweka hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita arudie baadaye.

La mwisho ni wanawake. Kumpa mke kifaa ampelekee mume ni kumtuma kwenye nyumba ambayo wewe huingii. Wapo waume watakaosema "ahsante", na wapo watakaosema "umekitoa wapi, una nini wewe?" na talaka ikatoka kinywani kabla ya dakika 20. Mimi simpi mwanamke cha mumewe mpaka nimuulize faraghani: ukimpa, atafanyaje? Akinyamaza, nakirudisha mkobani, na tunazungumza mengine.

Imamu na ndoa

Kupima kabla ya nikahi kumekuwa jambo la kawaida kwa familia nyingi, na ni msukumo wenye nguvu kwa kuwa una sababu inayoheshimika. Wachumba wanapima, basi, hakuna anayeuliza. Lakini anayekataa hapa hana pa kutokea, na majibu yakivuja harusi imevunjika na shehia nzima inajua kwa nini. Imamu ahimize. Cheti cha majibu kisiwekwe mezani kwake.

Sasa, mkiwa na fedha chache, mchague nini?

Inategemea mnamtafuta nani.

Mkitaka kuwazoesha watu wote wa shehia, chagueni mlango mmoja wa presha, sukari na VVU, maneno ya muuguzi wa pili, na hakuna zawadi kabisa. Zawadi ya elfu tatu kwa kila mpimwaji, hata tukikadiria maambukizi ni asilimia 1 nzima, ni laki tatu kumpata mtu mmoja, na huyo mmoja huenda anajijua tayari. Laki tatu hizo ni presha za wazee wangapi?

Mkiwatafuta waume wa wajawazito, chagueni kifaa cha kujipimia kwa mke aliyesema yuko salama, na fedha kidogo iwekwe kwenye mlango wa pili. Hili ndilo funzo la Choko ninalolishika zaidi: dola zake zilimsubiri mtu kliniki, hazikulipwa kwa msitari alioutazama peke yake nyumbani. Nauli italipwa akifika, awe na majibu gani, na wote walipwe sawa ili anayetoka na pesa asijulikane kwa pesa hizo.

Mkiwatafuta wenza wa aliyekwisha kukutwa na virusi, acheni zawadi zote. Hapo kinachofanya kazi ni mshauri mmoja mwenye subira na ulimi uliofungwa, na ikiwezekana mtu anayeishi na virusi mwenyewe. ZAPHA+, jumuiya ya Zanzibar ya watu wanaoishi na VVU, wamekuwepo kwa ajili ya hayo. Pesa ya kamati iwe nauli ya mtu huyo.

Na mkiwatafuta wavuvi walioko dago, yaani kwenye kambi za uvuvi, ambao mwezi mzima hawaonekani kijijini, msiwatangazie siku yenu. Fuateni yao. Wa dagaa huvua kwa taa na giza ndilo linalowapa samaki, kwa hiyo mwezi ukipea wako kambini, wanashona nyavu na kupika chai. Safari iliyopita tulifika usiku wa mwezi kumi na nne, na mashine ya presha, tochi mbili na birika. Hema tuliliweka nyuma ya mashua iliyopandishwa kukarabatiwa, upande usioonekana kutoka jikoni. Nahodha alitangulia kupima presha, akakaa muda wake wote nyuma ya mashua, akatoka akimenya chungwa. Baada yake hatukumuita mtu. Walikuja mmoja mmoja mpaka karibu na alfajiri, na wa mwisho aliuliza kama tuna kifaa cha mate cha kumpelekea mdogo wake aliyeko Tumbe.